Mguu Wangu Hauna Kesi

Pedali ya klachi ikiganda chini, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba mguu wako ndio mbaya. Hasa ukiwa mwanamke, na hasa gari likiwa Subaru. Hakuna atakayefungua boneti kwanza. Watakutazama viatu.

Mimi niliambiwa hivyo na watu watatu ndani ya wiki moja. Wa kwanza alikuwa mnunuzi, jamaa wa Kitengela aliyekuja Tuala na dipoziti mfukoni, akaendesha gari hadi Rongai na kurudi, akashuka amenuna. "Madam, hii klachi umeikalia." Wa pili alikuwa fundi wa gereji moja huko Rongai, ambaye alikanyaga pedali mara mbili, akajifuta mikono hata kabla haijachafuka. "Klachi imeisha. Nani huendesha hii gari? Wewe? Basi." Wa tatu alikuwa kaka yangu mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti kutoka Doha, saa sita za usiku: "Siz, mimi nilikuachia gari nzima."

Hiyo nzima ndiyo iliyonikosesha usingizi. Maana kama gari lilikuwa zima mikononi mwake na sasa si zima mikononi mwangu, hesabu iliyobaki ni fupi sana.

Acha nikueleze gari lenyewe. Ni Impreza WRX ya mwaka 2006, bluu, yenye lile tundu la hewa juu ya boneti ambalo watoto wa Tuala huliita pua. Kaka alilinunua likiwa limeshatumika Japani, likaingizwa nchini mwaka 2013, wakati bado lilikuwa ndani ya ile sheria yetu ya kutoleta gari lililozidi miaka minane. Alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wachumba wake, na wao walijua. Mwaka 2024 alipopata kazi ya kuendesha basi Qatar, alikopa pesa za safari na za kuanzia maisha, na dhamana ya mkopo ikawa hati ya ploti ya mama. Ploti hiyo ni hamsini kwa mia, hapa hapa Tuala, ndiyo tunayoishi. Mpango ulikuwa rahisi: mimi nibaki na gari, niliuze kwa bei nzuri, mkopo ulipwe, hati irudi kwenye sanduku la mama.

Deni lililobaki lilikuwa laki saba na themanini. Jamaa wa Kitengela alikuwa amekubali laki tisa. Baada ya kugandiwa na pedali pale stejini Rongai, akashusha hadi laki saba na nusu, "kwa sababu lazima nifanye klachi." Piga hesabu. Elfu thelathini tu ndizo zilizosimama kati ya mama yangu na hati yake, na elfu hizo thelathini zilikuwa zimekaa mahali fulani kati ya mguu wangu na giaboksi.

Mimi si fundi. Ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Simiti ikipungua mifuko miwili, simuulizi mlinzi kama yeye ni mwizi. Nafungua leja kwanza nione ilipotea siku gani, zamu ya nani, lori lipi. Kwa hiyo yule fundi wa Rongai aliponiambia nilete elfu sabini ashushe giaboksi na kuweka klachi mpya, swali langu lilikuwa la kikarani. Umejuaje?

"Dada, nimefanya hii kazi miaka kumi na tano."

Hilo si jibu. Hiyo ni sivii.

Ili uelewe kwa nini sikutoa zile elfu sabini, ambazo kusema kweli sikuwa nazo, ni lazima ujue pedali inavyofanya kazi. Wengi wetu tumejifunza kuendesha bila kuambiwa.

Klachi ndiyo inayoshikanisha injini na giaboksi. Kuna pleti iliyobanwa na nyingine yenye springi kali, ambayo mafundi huiita presha pleti. Ukikanyaga pedali, hiyo springi inasukumwa, pleti inaachiliwa, injini inazunguka peke yake, nawe unabadilisha gia. Ukiachia, inabana tena.

Lakini mguu wako haufiki kule. Kati yako na springi kuna mafuta. Pedali inasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinaingia kwenye silinda ndogo ya juu, nyuma ya dashibodi. Silinda ya juu inasukuma mafuta ya breki kupitia bomba na hosi ya mpira hadi silinda ya chini, iliyo kwenye giaboksi. Silinda ya chini inasukuma uma wa chuma, uma unasukuma beringi, beringi ndiyo inayokandamiza springi. Ni kama kupitisha ujumbe kwa mdomo kutoka nyumba hadi nyumba.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu hawaijui. Ukiondoa mguu, ni nani anayeinua pedali? Ni ile springi ya presha pleti kule mwisho. Inasukuma beringi, beringi uma, uma silinda, mafuta yanarudi juu, pedali inapanda. Ujumbe unarudi njia ileile. Na katika magari mengi yenye klachi nzito, hili letu likiwamo, kuna springi nyingine pale pale juu ya pedali, ya kumsaidia dereva. Ukivuka nusu ya safari, hiyo springi inageuka upande na kuanza kuvuta pedali ikielekea chini, ndiyo maana klachi inakuwa nyepesi mguuni. Nguvu ya mafuta ikipotea, hakuna kinachoishinda hiyo springi ya msaada. Inaishikilia pedali chini kabisa. Yaani kitu kilichowekwa kukupunguzia mzigo ndicho kinachokugandia.

Kwa hiyo pedali iliyoganda ni dalili tu. Pedali ndipo unaposikia ugonjwa. Ugonjwa wenyewe unaweza kukaa popote kwenye ile njia ndefu.

Na klachi iliyoisha? Klachi iliyoisha huteleza. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari haliongezi mwendo, na ndani kunanuka kama kitu kimeungua. Kuganda kwa pedali ni lugha nyingine kabisa. Jumapili moja asubuhi, barabara ikiwa tupu, nilielekea upande wa Kitengela, nikaweka gia ya nne nikiwa na mwendo mdogo, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Kama pleti imeisha, hapo ndipo itajisema. Mshale ulipanda taratibu, sambamba na mwendo. Klachi ilishika kama mkwe anayedai mahari. Nikaandika kwenye daftari: haitelezi.

Daftari hilo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko spana yoyote. Kwa siku tisa niliandika kila mara pedali ilipoganda: saa ngapi, wapi, gari limetembea muda gani, jua au mvua. Nikitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, pedali ilikuwa laini na inapanda vizuri hadi Rongai. Haikuganda hata siku moja. Jioni, nikirudi na kukwama kwenye jamu ya Magadi Road, kuanzia Bomas hadi Rongai, pedali ilianza kuwa laini kupita kiasi, kama kukanyaga sponji. Baada ya dakika arobaini hivi za kusogea na kusimama, ilibaki chini. Nilikuwa naivuta juu kwa vidole vya mguu, naipampu mara tatu nne haraka, inarudi. Siku ya mvua ilichelewa kuganda. Siku ya jua kali iliwahi.

Tazama hayo maandishi kisha uniambie kama mguu wangu una tabia ya kuwa mwema asubuhi na mwovu jioni. Mguu ni uleule, kiatu ni kilekile. Kilichobadilika ni joto.

Hapo ndipo nilipompelekea gari mzee mmoja hapa Tuala. Gereji yake ni kontena kuukuu, mti wa mgunga, na mawe manne makubwa ya kuzuilia magurudumu. Hutengeneza sana malori ya maji na piki piki za boda. Niliwahi kumwona akimrudishia mteja pesa kwa sababu kifaa cha zamani kilikuwa bado kizuri. Nilimpa daftari. Akalisoma lote, akilishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya.

"Nani alikuandikia?"

"Mimi, mzee."

"Sawa. Toa kapeti."

Nilidhani anatania. Akainama, akatoa kapeti ya miguuni mwa dereva, akaitupa nje. Akaniambia ameshaona watu wakibadilisha klachi nzima kwa sababu ya kapeti iliyojikunja chini ya pedali. Yetu haikuwa imejikunja, lakini sasa tulijua, na kujua huko hakukugharimu hata bob.

Kisha akaingiza mkono nyuma ya pedali, akapapasa pale kijiti kinapoingia kwenye silinda ya juu, akanionyesha vidole. Vikavu. Kama silinda ya juu ingekuwa inavuja kwa nyuma, mafuta yangeteremka kwenye kijiti na kulowesha zulia. Akafungua boneti, akatafuta kile kikopo kidogo cha mafuta ya klachi kilicho karibu na ukuta wa injini. Mafuta yalikuwa chini ya alama, meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Moyo wangu wa karani ukaruka. Mafuta haya hayaliwi na injini. Yanakaa kwenye mfumo uliofungwa. Yakipungua, yametoka mahali.

"Zamani yaliongezwa lini?" akauliza.

Sikujua, na kaka hakuwa ameniachia rekodi yoyote. Mzee akanieleza jambo ambalo baadaye nililithibitisha kwa kusoma: mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kipimo cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155. Sasa weka mafuta yaliyozeeka karibu na injini yenye tabo, kwenye jamu, bila upepo, saa kumi na moja jioni. Yakitoa mvuke, au hewa ikiingia kwa njia nyingine yoyote, nguvu ya mguu inaishia kubana mapovu. Mafuta hayabanwi. Hewa inabanwa. Ujumbe unafia njiani.

Lakini mafuta machafu peke yake hayaelezi kikopo kupungua. Kwa hiyo mzee hakukimbilia kumwaga. Alitaka kuliona gari likiumwa.

Tukawasha injini, tukafunga boneti, tukaliacha lingurume chini ya jua la saa nane mchana. Kijana wake, ambaye ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia, kanyaga, achia, kama anayeshona kwa cherehani. Nilikuwa nimeshika simu kupima muda. Dakika ya thelathini na nne kijana akapiga kelele: "Imeshika!"

Mawe yalikuwa tayari mbele na nyuma ya magurudumu. Mzee akafungua boneti, akatoa kile kipoza hewa ya tabo kilichokaa juu ya injini, chini ya pua. Katika magari mengi silinda ya chini ya klachi iko chini kweli, mpaka ulale mchangani. Katika hili iko juu ya giaboksi, na ukishatoa kipoza hewa unaiona vizuri, pamoja na ncha ya uma. "Angalia uma," akaniambia, na kwa kijana: "Kanyaga!"

Asubuhi, gari likiwa baridi, tulikuwa tumeshatazama uma huo ukienda mbele kwa kishindo na kurudi kwa kishindo. Sasa ulisogea kidogo tu, kivivu, ukaishia katikati.

Hapa kuna njia panda ambayo naomba uikumbuke, kwa sababu ndiyo itakayokuokolea pesa. Pedali ikiwa imebaki chini, kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama nguvu imenaswa kule chini na haiwezi kurudi, ama nguvu haipo kabisa. Hosi ya mpira iliyooza kwa ndani inaweza kunasa nguvu: mafuta yanapita yakienda, yakitaka kurudi utando wa mpira unaziba. Kwa macho, yote mawili ni pedali iliyoganda. Kwa mfuko, ni vifaa tofauti kabisa.

Mzee alitenganisha mawili hayo kwa spana namba kumi. Alifunga mpira mwembamba kwenye nipo ya silinda ya chini, akautumbukiza kwenye chupa ya soda, akalegeza nipo wakati pedali bado imeganda. Kama nguvu ingekuwa imenaswa, mafuta yangeruka na uma ungerudi mara moja. Hayakuruka. Yalitoka mapovu machache, meusi, yakakoroma kwenye chupa kama mtoto anayenywa kwa mrija.

"Hakuna nguvu," mzee akasema. "Imetoroka."

Kisha akabandua ile kofia ya mpira iliyo mbele ya silinda ya chini, ile inayozuia uchafu usiingie. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, mpasuko wa urefu wa ukucha. Ndani kulikuwa na tope. Mafuta yaliyovuja yamechanganyika na vumbi hadi yakawa uji mzito wa wimbi. Alipoichomoa pistoni, akanipa niipitishe kidole. Ilikuwa na mikwaruzo, na mpira wake wa kuzuia mafuta ulikuwa umelika kama kifutio cha penseli ya mtoto wa chekechea. Ikiwa baridi, mpira huo bado ulijitahidi kuziba. Ikipata joto, mafuta yanakuwa mepesi, yanapenya nje, na pistoni ikirudi inavuta hewa ndani. Maandishi yangu yote ya siku tisa yalikuwa yameandikwa kwanza pale, kwenye kipande cha mpira kisichofika upana wa shilingi ishirini.

Nilimuuliza mzee vumbi limefikaje juu ya giaboksi, mahali palipofunikwa namna ile. Akacheka, akaweka kiganja juu ya boneti, kwenye pua.

Tundu lile si la urembo. Linaingiza upepo ili upoze hewa ya tabo. Upepo ukishapita kwenye kipoza hewa unatokea chini na nyuma yake, moja kwa moja juu ya giaboksi. Kwenye lami ni upepo tu. Kwenye njia za Tuala, nyuma ya lori la mawe mwezi wa Februari, ni vumbi linalopulizwa kila siku mahali pamoja. Wanaoishi huku wanalijua vumbi letu. Linaingia kwenye kabati lililofungwa, kwenye chumvi, kwenye saa ya ukutani. Mvua ikija, udongo huohuo mweusi unashika viatu mpaka unatembea ukiwa mrefu.

Wala si siri mpya. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kilichoifanya isifike duniani ni barabara zetu: vumbi, tope, mito. Subaru Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na miaka hiyo mashindano yalipita pia kwenye nyanda hizi za Kajiado. Kaka alikuwa na miaka tisa. Ukitazama picha za magari yale utaona bomba limepanda kando ya kioo cha mbele, juu kama shingo ya twiga, la kuvutia hewa iliyo juu ya maji na vumbi. Waliokuja kushinda huku hawakuliamini vumbi hata siku moja. Sisi tulionunua gari kwa sababu ya ushindi ule tukachukua pua, tukaliacha bomba.

Na hapo lile neno la kaka, nzima, likaanza kuniwasha upya. Maana tope lile lilikuwa na matabaka. Juu lilikuwa bichi na la mafuta. Chini yake kulikuwa na gamba gumu, kavu, la kijivu, ambalo mzee alilazimika kulikwangua kwa bisibisi. Gamba kama hilo halijengwi kwa miezi michache ya dada kwenda kazini na kurudi. Kabla ya mimi, gari hili lilikuwa linaenda Magadi na marafiki zake, wikendi baada ya wikendi, kwa fujo na muziki, kila mmoja akimla mwenzake vumbi.

Nilipiga picha. Picha ya mpasuko, ya gamba, ya pistoni, ya chupa ya soda yenye mafuta meusi. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu kwa kaka, wenye alama nyingi za mshangao. Halafu nikaufuta wote, nikatuma picha tupu. Picha hazina sauti ya mtu, na nilitaka azione bila sauti yangu.

Alinyamaza siku nzima. Usiku akapiga. Alikuwa kwenye chumba wanachokaa wanane, nikasikia mtu akikohoa na mwingine akiongea Kinepali.

"Hiyo mpira ilipasuka lini?"

"Mzee anasema ni kitambo."

Kimya. Kisha akasema polepole, "Ilikuwa inashika kidogo. Kabla niende. Nikipampu inarudi. Nilidhani ni joto tu."

Sikumjibu haraka. Nilikuwa nimejiandaa kushinda, na sasa ushindi wenyewe ulikuwa umekaa kwenye kitanda cha juu huko Doha, umechoka, una zamu ya alfajiri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza hati ya mama iko wapi kwa akili gani." Akavuta pumzi. "Nilitaka kuamini naacha kitu kizima."

Nilimwambia alale. Nilimwambia pia kwamba ni joto kweli, hakukosea hapo. Ni vile joto lilikuwa linamwambia kitu kingine.

Silinda mpya ya chini na hosi nilivinunua Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, baada ya kuuliza maduka manne na kubeba silinda ya zamani mkononi ili nisiuziwe inayofanana. Hosi tuliibadilisha ingawa haikupatikana na hatia, kwa sababu umri wake ni uleule na iko njia moja na joto. Mafuta ya DOT 4, chupa mbili, zikiwa bado na lakiri. Tukaosha pale juu ya giaboksi kwa brashi hadi chuma kikaonekana rangi yake. Kisha kazi ya kutoa hewa: mzee kwenye nipo, mimi kwenye pedali, tukiitikiana kama watu wa kanisani. "Kanyaga." Nimekanyaga. "Shika." Nimeshika. "Achia." Mafuta yakatoka meusi, yakawa ya kahawia, yakawa ya dhahabu, na mapovu yakaisha. Jumla, pamoja na ufundi, elfu tisa na mia nne. Niliandika kwenye daftari.

Yule jamaa wa Kitengela nilimpigia na kumweleza kila kitu: kilichokuwa kimeharibika, kilichowekwa, na kwamba ilianza kabla sijalishika gari. Mama alisikia nikiongea akaniuliza kama nimerogwa. Mtu anauza gari huku anataja magonjwa yake? Lakini mnunuzi alikuwa ameshagandiwa na pedali mara moja. Ningemwambia tu "imepona," angelisikia neno lile lile nililolisikia mimi. Nzima.

Alipokuja kulijaribu tena alitaka iwe Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa tupu. Nilikataa. Nikamwambia aje Ijumaa saa kumi na moja jioni, aendeshe mwenyewe, twende hadi Bomas tugeuze, turudi kwenye jamu na wenzetu wote. Alinitazama kama nina kichaa. Akaja.

Tulikwama karibu saa nzima na nusu. Matatu zilipanda kando ya barabara, boda zilipita kwenye vioo, mwanamume mmoja akatuuzia njugu mara mbili. Jamaa hakuongea sana. Kila tuliposimama nilikuwa nautazama mguu wake wa kushoto: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kila mara pedali ilipanda naye. Tulipofika Rongai alizima redio, akakanyaga pole pole, akaihesabia, akaachia. Ikapanda.

"Sasa hili daftari," akasema, akilichukua pale juu ya dashibodi, "linakuja na gari?"

Nikamwambia hilo tujadili bei kwanza.